Mchanga Kabla ya Daraja

Dereva wangu,

Leo nimeletewa kalenda. Imetoka Ulaya kwa posta, imebanwa kati ya karatasi mbili ngumu ili isikunjike, na jina langu limeandikwa juu yake vizuri kuliko karani wa chai alivyowahi kuliandika. Nimeifungua nikiwa nimesimama pale pale posta ya Sotik. Mwezi wa Machi ni injini yetu. Inapanda ile kona iliyo juu ya nyumba yako, imepakwa rangi nyekundu ya kung'aa, na moshi mweusi umetanda hadi nusu ya mbingu. Dirishani kuna kichwa cha mzee mwenye kofia. Ni mimi huyo. Na chini pembeni, ukiangalia sana, kuna kamba ya nguo nyeupe.

Wameandika hapo chini kwa Kizungu kwamba hiyo ndiyo picha bora ya safari nzima. Picha bora! Nimekasirika mpaka karani wa posta akaniuliza kama nimeletewa habari za msiba. Nikamwambia ndiyo, lakini ni wa zamani.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Ulinifundisha kusoma geji kabla sijajua kusoma gazeti, kwa hivyo utanisamehe mwandiko. Nilidhani sina la kukuambia. Chai inachumwa, ng'ombe wanakamwa, mjukuu wangu wa kwanza anasoma Kabianga. Lakini kuna jambo lilitokea Agosti iliyopita, nimelibeba kifuani miezi yote hii, na kalenda hii imelikoroga upya. Ni lazima ulisikie kutoka kwangu. Nimekukosea, mzee.

Kwanza ujue kwamba Mama Mkwe yuko hai. Wewe ndiye uliyeipa injini jina hilo. Ulisema huyu hajibiwi, hapigiwi kelele, na hakuna kwenda kwake mikono mitupu. Siku ile dizeli zilipochukua njia yote na sisi tukaamriwa kumwacha kwenye yadi kule Nairobi, uliupapasa mlango wa tanuri ukasema ataozea hapo. Hakuoza. Alikaa kwenye nyasi miaka kumi na zaidi, kisha wakatokea watu wanaopenda magari ya moshi ya zamani, Wazungu kadhaa na Wakenya kadhaa, wakamsugua kutu, wakambadilisha mirija, wakamwasha. Hilo siwezi kuwalaumu. Niliposikia habari hiyo nililia, na sioni haya kukuambia.

Wakapanga safari ya kutalii, Nairobi hadi Kisumu na kurudi, mabehewa ya zamani yaliyopakwa vanishi, wageni na kamera zao. Wakatafuta mtu aliyewahi kuchochea moto wa mafuta kwenye mlima wetu. Mzee mmoja wa Nakuru akawatajia jina langu. Barua ikaja: nipande Muhoroni siku ya Jumamosi, treni ikiwa inarudi, niende nao hadi Londiani, niwasimulie wageni mambo ya zamani. Nilikaa na barua hiyo siku tatu bila kumwonyesha mke wangu. Alipoiona alinipigia pasi suruali yangu nyeusi, akanisindikiza hadi barabarani, akasema, "Kwaheri, bwana harusi."

Na kweli nilikuwa bwana harusi. Sitakuficha kwamba nilipomsikia Mama Mkwe akipiga honi kabla ya kuingia Muhoroni, nilikimbia kama mtoto hadi kando ya reli. Nilitafuta kichwa chako dirishani. Nilijua hupo, nilibeba jeneza lako kwa bega hili hili, lakini macho yalienda yenyewe.

Wakanikaribisha behewani. Viti vya ngozi, vitambaa vyeupe mezani, taa za shaba. Mimi na wewe tulivuta mabehewa yale miaka kumi na tisa na hatukuwahi kuketi ndani yake hata dakika moja. Nikaketi. Mhudumu akaniletea chai. Mzee, chai yenyewe ilikuwa kwenye kijikaratasi chenye uzi! Maji ya moto kando, maziwa kidogo kando, mithili ya dawa ya mtoto. Treni inapita kwenye nchi ambayo mtu ukinyoosha mkono nje unachuma majani mawili na chipukizi, na mimi mkulima wa chai napewa kijikaratasi kutoka ng'ambo. Nilikunywa kwa adabu. Adabu yangu siku hiyo ilikuwa nyingi mno, na ndiyo iliyoniponza.

Wakanipa na kitabu cha safari. Nikakisoma chote. Wameandika Mama Mkwe alizaliwa mji gani, ana uzito gani, magurudumu mangapi, rangi ile nyekundu inaitwaje. Nikatafuta jina la aliyemwendesha kutoka Muhoroni hadi Londiani mvua na jua, asimwangushe hata mara moja. Hakuna. Hata "dereva" hawakuandika. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini basi hata mstari mmoja? Ukurasa mzima walimpa fundi wa vanishi.

Na nyuma ya mabehewa, unajua walikuwa wamefunga nini? Dizeli. Eti Mama Mkwe akichoka, isaidie kusukuma. Nilijua ungesema nini. Ungesema mgonjwa ameletwa harusini pamoja na ambulensi yake.

Mwenye safari alikuwa bwana mmoja wa Nairobi mwenye kipaza sauti cha mkononi ambacho hakukiweka chini hata alipokuwa anakula. Nilimpa jina Bwana Kipaza. Akaja kwangu akaniambia nitapewa dakika mbili, niwaambie wageni kuhusu simba. Nikamwambia simba hawakuwepo. Nikamwambia kulikuwa na ng'ombe waliolala kwenye reli, na mbuzi, na akina mama waliokuwa wakitupungia mikono wakiwa na mizigo ya kuni. Akasema, "Mzee, jaribu kukumbuka simba hata mmoja." Nikasimama nikawaambia wageni habari zako. Nikasema dereva wa injini hii alikuwa Arap Rotich wa Roret, aliyenunua shamba karibu na reli hapa mbele, akakataa kupanda kahawa kama majirani, akapanda chai kwa sababu kwao ni chai, na chai ikamtii. Bwana Kipaza akatafsiri kwa Kizungu. Mimi Kizungu changu ni cha reli tu, lakini nilisikia neno la simba mara mbili.

Tulipofika Fort Ternan, Mama Mkwe akakataa. Mvuke ulikuwa umeshuka, geji inalegea, na mlima wenyewe bado. Mchochezi waliyekuwa naye alikuwa mtu wa dizeli aliyefundishwa wiki mbili. Alikuwa amelowa jasho na alikuwa akimwaga mafuta kwenye tanuri kama anayemlazimisha mtoto uji. Dereva wa siku hiyo, anaitwa Wekesa, mtu mzuri, akashuka akaja hadi dirishani kwangu, akavua kofia. "Baba," akaniambia, "nisaidie, usiniache niaibike." Nikavua koti.

Mikono ilikumbuka, mzee. Sikujua kama itakumbuka. Valvu ya mafuta kidogo, mvuke wa kupuliza kidogo, jicho kwenye tundu la mlango, sikio kwenye moto. Nikamtuliza Mama Mkwe. Nikamwomba msamaha kwa Kigusii, wewe ulikuwa ukimwomba kwa Kikipsigis, na naona anazijua zote mbili. Kwa robo saa geji ikarudi, na juu ya bomba kukawa na ule moshi mwembamba wa kijivu uliokuwa unataka kuuona. Ulimi wako uliikataa b siku zote: "Moshi mweusi ni aipu ya mchochezi." Mimi nilikuwa nikikucheka, na wewe ukinicheka nikisema reri. Wekesa akanivika kofia yake mwenyewe kichwani. Yenye beji. Tukaondoka, na nilikuwa na umri wa miaka thelathini.

Kama safari ingeishia hapo ningekuandikia barua nyingine kabisa.

Kabla ya kona ya nyumbani kwako tukasimamishwa. Wageni wakashushwa na kamera zao, wengine na ngazi ndogo za kusimamia, wakapangwa ukingoni. Ukingo gani? Chai yako. Walisimama katikati ya chai yako, mtu mzima na buti zake juu ya kichaka ulichokipanda kwa mkono, anatafuta pembe nzuri ya picha. Hakuna aliyepiga hodi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakuwa wamewaona wageni hawa.

Mpango ulikuwa hivi: treni irudi nyuma kidogo, kisha ije kwa nguvu ipite mbele ya kamera kama inavyopita kweli. Bwana Kipaza akapanda hadi kwetu. Akasema moshi huu wa kijivu hauonekani kwenye picha. Anataka mweusi, mzito, wa kujaa mbingu. Mtu fulani alikuwa amemweleza habari za mchanga.

Unajua mwenyewe, lakini acha niseme, maana nataka hasira yangu iwe na mpangilio. Moto wa mafuta huacha masizi ndani ya mirija. Kuyatoa, mchochezi hutupa mchanga kidogo kupitia tundu la tanuri treni ikiwa inapanda kwa nguvu. Mchanga unavutwa, unasugua mirija, na masizi yote yanatoka juu kwa mpigo, wingu jeusi lenye mafuta, linaloshuka polepole juu ya chochote kilicho chini. Kwenye kona yako, chini ni nyumba. Yako, na nyingine saba au nane. Ndiyo maana miaka yote kumi na tisa ulinishika mkono kila tulipokaribia hapo: "Paada ya taraja, Onchari. Ni sheria ya reli." Baada ya daraja hakuna nyumba, ni korongo na msitu. Hapo ndipo nilitupa mchanga siku zote, hata mirija ikiwa imekaba, hata tukichelewa, hata ule mwaka tulipoandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewa Londiani.

Kwa hivyo nikamwambia Bwana Kipaza haiwezekani. Nikamwonyesha mahali daraja lilipo. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: ni sheria ya reli.

Akaenda akamleta afisa mmoja wa reli aliyekuwa behewani, mtu wa tai na mkoba. Afisa akatoa kitabu cha sheria. Akaniuliza, bila ubaya, "Ni kifungu gani, mzee?"

Kifungu gani. Nilisimama pale na kofia ya mtu mwingine kichwani. Akafungua kurasa, akapitisha kidole, akasema hapana, hakuna sheria ya namna hiyo wala haijawahi kuwepo, labda nimechanganya na kitu kingine, umri nao. Bwana Kipaza akacheka. Wekesa akaangalia pembeni. Wageni ukingoni walikuwa wameinua kamera, na mmoja akanipungia mkono.

Nilikuona mwongo, dereva. Kwa dakika ile moja nilikuona mwongo, na nikajiona mjinga aliyeshikwa mkono miaka kumi na tisa na maneno yasiyokuwepo. Na pia, acha niseme ukweli wote, nilitaka wanipige picha. Tangu nistaafu hakuna aliyeniita kwa kazi yangu. Sotik mimi ni mzee wa chai tu, mmoja kati ya wengi. Pale nilikuwa na kofia.

Nguo niliziona. Usidhani sikuziona. Ilikuwa Jumamosi, na mke wako, Mama Cherono, alikuwa amezianika zote kwenye kamba mbili: vitambaa vyeupe vya kichwa vya akina mama wa kanisa, ambavyo yeye huwafulia, na majoho ya kwaya. Kesho yake ni Jumapili.

Nikatupa mchanga.

Tulipita kwa kishindo, na kamera zikalia kama kuku waliotupiwa mahindi. Wakapiga makofi! Watu wazima wanapiga makofi kwa ajili ya uchafu. Wekesa akafunga mvuke, treni ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, na Bwana Kipaza akapaza sauti kwamba wingu lilifunika jua, wengine hawakupata vizuri, tunarudia. Mzee ongeza mchanga.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Cherono. Alikuwa amesimama katikati ya zile kamba, mkono juu ya macho, anatazama dirisha la injini. Hakupiga kelele. Hakukunja ngumi. Masizi yalikuwa yanamshukia mabegani na hakujipangusa. Alitazama tu, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

Nikafunga valvu ya mafuta. Nikaweka sepeto la mchanga chini, nikamwambia Bwana Kipaza kwamba mimi sirudii. Akasema wageni wamevuka bahari kwa ajili ya moshi huu. Nikamwambia basi wauvute. Nikamwambia mengine pia, mzee, ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasema, kuhusu chai iliyokanyagwa, na vijikaratasi, na simba wake. Nilisema kwa sauti kubwa. Watu wa pale walikuwa wamejaa ukingoni kutazama treni, wakaanza kunishangilia, na Bwana Kipaza akaogopa. Akainua kile kipaza chake akasema, mbele ya watu wote, "Huyu mzee ni mchochezi!"

Unajua neno hilo lina maana gani miaka hii. Ukiitwa mchochezi kwenye mkutano unalala ndani. Askari wa AP waliokuwa wakilinda wageni wakaja mbio, na mmoja, mtu wa kwenu hasa, akapanda ngazi ya injini akaniuliza kwa heshima kama mimi ndiye mchochezi.

Nikamwambia, "Ndiyo, afande. Kwa miaka kumi na tisa. Nimeandikwa kwenye vitabu vya serikali."

Akachanganyikiwa. Akauliza nilikuwa nachochea nani. Nikamwambia Mama Mkwe. Akamwangalia Wekesa, Wekesa alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Askari yule akanishika kiwiko akaniambia taratibu, "Paba, shuka polepole, hapa hatutaki mampo ya siasa." Nikampa Wekesa kofia yake, nikashuka. Watu wakanipokea kwa mikono.

Wakaendelea bila mimi. Walifika nusu ya mlima, mvuke ukaisha, na Mama Mkwe, yule yule uliyempandisha kwa mvua na jua, akasukumwa kwa nyuma na dizeli hadi Londiani. Nilisikia ngurumo yake nikiwa nateremka kwenda nyumbani kwako. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Aibu ilikuwa yake na kosa halikuwa lake.

Mama Cherono alikuwa anazianua nguo. Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, akasema, "Shemeji, umezeeka," akaniwekea kiti. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza akasema nisizitie maji kwanza, masizi ya mafuta ukiyatia maji yanalala ndani ya kitambaa, ni lazima yakung'utwe makavu. Tukakung'uta. Kimoja kimoja, yeye anashika pembe mbili na mimi pembe mbili. Jioni yote tulifua, akanipa ugali na maziwa ya mursik, tukaendelea kufua. Majoho yalitakata. Vitambaa viwili havikutakata hadi leo, na amevitenga.

Nikamuuliza kuhusu sheria. Nilikuwa bado nimekukasirikia, nikamwambia mume wako alinidanganya, akaniaibisha mbele ya mtu wa tai. Akacheka, mzee. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Akaniambia hiyo sheria ni yake.

Kumbe ulipokuwa dereva mpya, kabla hujanipata mimi, ulirudi siku moja kwenye nyumba za reli kule Nakuru ukimsimulia, huku unacheka, jinsi ulivyomwagia masizi nguo za mama mmoja kwenye kona, na mama akakimbia nyuma ya treni na nepi ya mtoto mkononi. Yeye hakucheka. Alikuwa anafua sare yako wakati huo, anaijua ile rangi inavyokaa kwenye kucha. Akakuambia ukirudia hilo, sare utafua mwenyewe, na chakula utakipika kwenye hilo tanuri lako. Na wewe, mwanamume mzima, dereva wa daraja la kwanza, ukaona aibu kumwambia mchochezi wako kwamba mke amekataza. Ukaipa reli sifa yake. Miaka kumi na tisa!

Nimekasirika nawe kwa hilo. Ungeniambia tu. Ningejua nimebeba neno la mtu, si la kitabu, na mtu wa tai angefungua kurasa zake mpaka asubuhi nisitikisike. Unaona ulivyonitayarishia kuanguka? Na hata hivyo naandika haya huku natabasamu, na hasira yenyewe inaniponyoka mkononi.

Lakini kuna la mwisho alilolisema, na hilo ndilo limenizuia kukuandikia mpaka leo. Tulikuwa tunaanika mara ya pili. Hakunitazama alipolisema. "Shemeji, nilipomsikia anapiga honi kule chini, nilitoka nje. Najua nilimzika, lakini miguu ilitoka yenyewe. Nikasema ni yeye. Nikasimama hapa namngoja apite. Halafu moshi ukaja juu ya nguo. Hapo ndipo nilijua Papa Cherono amekufa."

Miaka miwili alikuwa mjane, mzee, na mimi ndiye niliyemletea habari.

Nilishika pembe zangu mbili za kitambaa.

Ndani ya bahasha ya kalenda kuna barua. Hawaulizi habari za nguo. Hawaulizi habari za chai iliyovunjika matawi. Wanasema Wekesa amekataa kupanda mlima bila mimi, kwa hivyo yaliyopita yamepita, na wananiomba nije tena Agosti, na Agosti zitakazofuata. Mke wangu amesema niwarudishie kalenda yao ikiwa vipande vipande. Nimefikiri tangu posta hadi hapa mezani.

Nitakwenda. Nisipokwenda watampata mwingine, na mwingine atatupa, maana kitabuni hakuna. Nitakwenda, nitakaa kwenye kile kiti changu, na sepeto litakuwa mkononi mwangu, si mwa mtu mwingine. Watasimama na kamera zao na watapata moshi mwembamba wa kijivu, wapende wasipende. Akija mtu wa tai kuniuliza ni kifungu gani, nitamwambia ni cha mwanamke anayeishi hapo chini, aende akabishane naye. Na Mama Cherono nimeshamtumia habari kwa mtu anayepanda huko kesho, atoke nje siku hiyo kama anataka, aanike anachotaka.

Kuhusu kufa kwako siwezi kumrudishia alichoamini. Hilo nimelivunja na nitazeeka nalo. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba kila atakaposikia honi ile, akitoka nje, hatafiwa mara ya pili.

Pumzika, dereva wangu. Moto ninao mimi.

Mchochezi wako,
Onchari